Siri ya Plagi Uliyoniachia

Fundi wangu Mutua,

Kama huko uliko watu bado wanauliza habari za Dagoretti, waambie mtu mwenye bahati kuliko wote huku anaitwa Njoroge, yule uliyekuwa ukimwita Waziri. Mafundi uliowafundisha ni wengi. Wengine siku hizi wana gereji zenye mabati mapya, na mmoja ana kitambi cha kuegemea boneti. Lakini siku yako ya mwisho, pale hospitalini kilimani, aliyekuwa ameshika mkono wako ni mimi, na sikio ulilolinong'oneza siri ya mwanya wa plagi ya injini ni hili langu, la kulia. Bahati ya namna hiyo hainunuliwi. Mimi niliyefika Kampala mara mbili na Mombasa mara nisizozikumbuka, sijakutana na mwenye bahati kama mimi.

Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu. Nimeisema mara nyingi hadi leo kalamu imeiandika yenyewe.

Mzee, nina shida. Nacheka kutwa nzima na nina shida. Shule niliiacha darasa la saba, barua sijaandika tangu ile ya kuomba msamaha kwa mwalimu mkuu, lakini hakuna mtu mwingine ninayeweza kumweleza hili. Vumilia mwandiko.

Kiwanja chetu kipo, hapa nyuma ya kichinjio, na harufu ni ileile. Mama wa chai bado analeta vikombe viwili saa nne. Nakunywa vyote viwili, maana siku ya kwanza nilimwona akirudi na kimoja kimejaa, na sitaki kuona tena. Benchi lako hakuna anayelikalia. Mteja akitaka kukaa namwambia lina mafuta. Halina mafuta. Nalipanguza kila asubuhi.

Kipande chako cha msumeno wa chuma, kile ulichopimia mwanya wa plagi, ninacho. Mueni, mjane wako, ndiye aliyenipa siku tatu baada ya mazishi, kikiwa kimefungwa kwenye kile kitambaa cha bluu, jinsi ulivyokuwa ukikiweka mfukoni mwa shati. Alisema, "Siri alikuachia wewe, basi na kipimo kiwe chako." Nilikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi kama ukucha, Fundi, na kimenilemea tangu siku hiyo.

Tangu tukuzike, wateja wamekuja. Maneno yalienea kutoka Dagoretti mpaka Kawangware kwamba Waziri ana dawa ya kufanya gari isinywe petroli. Wanakuja, nafungua boneti, nang'oa plagi, natoa kipande chako polepole kama padre anayetoa mkate. Nakipitisha kwenye mwanya, nafumba jicho moja, nagonga kidogo, napima tena. Halafu namwambia, "Nenda, bosi. Njia ya petroli utaisahau." Wanaenda wakicheka.

Kisha wanarudi. Dereva mmoja wa teksi alirudi kabla wiki haijaisha, akaegemea mlango wa gari yake, akaniambia, "Waziri, hii kitu sasa inakunywa kama mjomba wangu kwa harusi ya watu." Mwingine alileta gari mpya kidogo, plagi zake zina ncha nyembamba kama mwiba. Nikaigonga vile tulivyozoea kugonga zile za zamani. Ilisema tik, ikakatika. Ndipo nikaona karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, nikaisoma kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, kidole juu ya kila neno. Ilisema plagi hizo zimepimwa kiwandani, mtu asiguse. Nilimnunulia nyingine nikamwambia zake zilikuwa zimechoka. Yaani hata pale nilipokosea nilitoka nimesifiwa.

Na si kwamba hukunifundisha. Uliniambia cheche hula chuma. Kila siku inakula kidogo, mwanya unapanuka, hadi siku cheche inashindwa kuruka vizuri na petroli inatokea nyuma bila kuungua. Sehemu hiyo niliishika, naihubiri kila mahali. Lakini ulikuwa na sehemu ya pili. Ulisema, "Waziri, sikiza. Ukiurudisha mwanya mahali pake, gari inarudi kunywa kama zamani. Hapo tu. Ukiupunguza zaidi au kuupanua zaidi, hutaipunguzia kiu, utaiongezea kikohozi." Nakumbuka uliposema hayo. Nilikuwa nimegeuka, namsimulia mteja habari za Kampala.

Sasa nifike kwa pikapu.

Ile pikapu yako, ambayo sanduku lake la nyama uliligonga kwa mikono yako bati kwa bati, Mueni bado anaiendesha. Anachukua nyama hapa kichinjioni alfajiri anapeleka kwa mahoteli madogo ya River Road, kama mlivyokuwa mkifanya. Ndiyo inayomlisha. Mwezi uliopita ilianza kunywa. Akajaza, ikaisha. Akajaza, ikaisha. Akaniambia ikiendelea hivi ataiuza, na kuiuza ni kama kuuza mikono yako, lakini pikapu haiwezi kula nyama yote inayoibeba.

Nikamwambia, mama, usiwe na wasiwasi, siri ninayo.

Niliupunguza mwanya. Ikaanza kukohoa, ikamzimikia kwenye mlima, magari yakampigia honi nyuma. Nikaupanua. Ikawa haiwaki asubuhi mpaka isukumwe, na wachinjaji wakamsukuma kwa mabuti yao ya damu. Mara ya tatu nikaurudisha kwa kipande chako, vile ulivyokuwa umeuacha. Ikatulia. Lakini kiu yake ileile. Mzee, nilikaa chini kando ya gurudumu nikakuita. Kwa sauti. Waliokuwa wakipita walidhani naita mtu aliye chini ya gari.

Jumanne Mueni alikuja, akakaa kwenye benchi lako. Sikuweza kumwambia lina mafuta. Akanitazama ninavyong'oa plagi mara ya nne, kisha akasema, "Njoroge, mbona huinui?"

"Kuinua nini, mama?"

"Yeye alikuwa anaanza kwa kuinua gari na jeki. Anazungusha kila gurudumu kwa kiganja, anasikiliza. Halafu anapiga matairi upepo. Halafu anatoa ile chujio ya hewa anaigonga kwa goti. Akimaliza ndio anafungua boneti, na nyinyi watu ndio mnakuja kuangalia."

Miaka kumi na moja nimekaa nawe, Fundi. Miaka kumi na moja nilikuwa nafika pamoja na watazamaji.

Nikaleta jeki. Gurudumu la nyuma kushoto lilikataa kuzunguka. Breki imeshika. Pikapu ilikuwa inakimbia River Road na kurudi huku imejifunga yenyewe, na chuma pale ndani kilikuwa na moto wa kuchoma chapati. Matairi yamelegea. Chujio ya hewa ilikuwa na vumbi la kutosha kupanda maharagwe. Nikaifungua breki, nikasafisha, nikajaza upepo. Ijumaa Mueni akarudi, akasema imerudi kunywa kama ulipokuwa hai.

Nikaanza kucheka, unanijua. Nikamwambia, "Umeona mkono wa Waziri?"

Hakucheka. Aliuliza, "Kwa hivyo haikuwa plagi?"

"Plagi pia ni kitu, mama."

"Kitu kikubwa?"

Mikono yangu ilikuwa na grisi, nikaiangalia. "Kidogo."

"Mutua alijua ni kidogo?"

Nilikumbuka ile sehemu ya pili. Nilikumbuka pia ulivyokuwa ukiwaambia wateja wakati wa kuwarudishia ufunguo, "Ukikanyaga mafuta kama unaua nyoka, hata malaika akupimie plagi, itakunywa tu." Nikamwambia, alijua.

Akaitazama pikapu. Kisha akasema polepole, "Basi ile pumzi yake ya mwisho aliitumia kukuambia kitu kidogo?"

Fundi, mdomo huu haujawahi kukosa neno. Umeniponza mbele ya askari, umeniokoa mbele ya wake za watu. Nikachukua spana nikasema kuna mteja ananingoja. Hakukuwa na mteja.

Acha nikukumbushe nilivyofika hapa, ingawa pengine uliona yote. Siku ile Mueni alikuwa amekaa kando ya kitanda chako siku tatu. Asubuhi hiyo mahoteli yalikuwa yanamlilia nyama, akanipigia simu, akasema, "Njoo ukae naye mpaka nirudi. Asiwe peke yake." Nikasema, mama, niko njiani. Aliporudi ulikuwa umeshaenda, na mimi ndiye niliyekuwa pale nimesimama mlangoni. Akanishika mikono, akaniambia, "Asante kwa kukaa naye." Nikaitikia kwa kichwa.

Kule kwenu Ukambani, baada ya kukuzika, mafundi wote tulikuwa tumekaa chini tunakula muthokoi wa mahindi na maharagwe. Mmoja akauliza, "Waziri, wewe ndiye ulikuwa naye. Mzee alisemaje?" Wote wakanigeukia. Mdomo ukatangulia, kama kawaida yake. Nikasema, aliniachia siri ya mwanya wa plagi. Watu wakatikisa vichwa, wakasema fundi ni fundi hadi kaburini. Nikajisikia mkubwa. Kisha nikageuka. Mueni alikuwa nyuma yangu na sinia la vikombe, na alikuwa amesikia.

Aliliweka sinia chini taratibu. Hakuvunja hata kikombe kimoja. Kwenye pikapu, tukirudi Nairobi, tulikuwa tumepita Machakos ndipo akasema neno. "Miaka ishirini na sita, Njoroge. Na akafa akitaja plagi."

Nilijaribu kurekebisha. Nikamwambia, na wewe pia alikutaja, mama, jina lako kabisa. Akaangalia barabara. "Usinipake sukari. Ulishasema alichosema."

Hilo ndilo ninalokula na kunywa, Mzee. Mueni anaamini mumewe alikuwa na dakika chache za mwisho akazitumia kwa kipande cha chuma. Kanisani haimbi tena sauti ya pili, waumini wanadhani ni msiba. Nikimwacha na hilo, nimemwibia mume mara ya pili. Nikilitoa, lazima nimwambie na lile lingine, na lile ni baya zaidi. Nimetafuta katikati yake. Nimeitafuta kama unavyotafuta kelele ndani ya injini, nikiegemeza sikio huku na kule. Haina katikati.

Ucheshi bado unatoka, lakini unatoka kama maji ya bomba lililokatwa, mara puu, kisha hewa tupu. Jana mama wa chai aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni mapenzi. Akacheka. Nilipofika nyuma ya lile gari bovu la bluu nililia hadi nikashika tairi.

Ungekuwepo ungeniambia nini? Najua. Ungesema, "Waziri, punguza hotuba, inua gari."

Basi nikuage, Fundi. Jumapili Mueni akitoka kanisani atapitisha pikapu nimwangalizie breki. Nimeamua. Nitamwambia kabla jeki haijagusa gari, tukiwa wawili tu, bila watazamaji. Kipande chako cha msumeno nitamrudishia kwenye kitambaa chake. Akinifukuza, nitafukuzika. Akinipiga na spana, nitamwokotea nyingine. Na magurudumu ya pikapu yake nitayazungusha kwa kiganja kila wiki nikisikiliza, hata kama atakuwa amekaa ndani ananitazama bila salamu, hadi pikapu ife au nife mimi. Hiyo ni ahadi, na hapa nilipo hakuna wa kunipigia makofi. Pumzika. Benchi nitaendelea kulipanguza.

Na kwa kuwa nitamwambia yeye, wewe nikwambie kwanza, ingawa ulikuwepo na mimi sikuwepo. Ile ya bahati ni uongo. Siku ile nilipitia River Road, mtu mmoja alikuwa amefungua boneti, nikasimama kumwonyesha jinsi ya kupima mwanya wa plagi. Watu wakanizunguka, wakanisifu, nikakaa. Nilipofika wodini shuka lilikuwa limeshabadilishwa. Muuguzi aliniambia uliuliza mara mbili, "Mueni amefika?" kisha ukanyamaza. Mkono wako sikuushika. Hukuniambia siri yoyote. Ulikufa peke yako, Fundi, na mimi nilikuwa natengeneza plagi.