Mabasi Mawili Uliyoyaacha Yapite

Chumba namba 14, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kituo cha mafuta.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Mpendwa Kaka,

Hujambo wewe, na wifi hajambo? Watoto wameacha kukohoa? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila kiuno kinanikumbusha umri kila ninapoinama.

Kazi ni ile ile, kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Mashine zinapiga kelele kutwa nzima, hakuna anayesemeshana na mwenzake. Nikirudi chumbani najisemesha mwenyewe, tena najibishana. Jumapili kama leo ndiyo mbaya zaidi. Upweke umenichosha, Kaka, nisikufiche.

Ndiyo maana nimejiunga na darasa la Kiingereza. Msimamizi wangu anadhani nataka cheo. Mimi nataka tu mtu wa kuniuliza, "Na wewe je?", hata kama ni zoezi la kitabuni.

Mwezi huu tunahangaika na nyakati zilizopita. Kumbe kwa Kiingereza kupita tu hakutoshi. Mambo mawili yakiwa yamepita, lazima uamue lipi lilitangulia. Hilo unalipachika "had", na lile la pili unaliacha na wakati uliopita wa kawaida. Ni kama sisi tunavyosema, nilipofika alikuwa ameshaondoka. Dereva wa teksi anayekaa nyuma yangu alimuuliza mwalimu, kama yote yameshapita, ya nini kugombania lipi lilitangulia? Tulicheka sana.

Basi mwalimu akatutaka tuandike habari ya nyumbani. Nikaandika siku uliyoondoka: Mama alinituma kituoni nikurudishe, lakini nilipofika ulikuwa umeshapanda basi. Mwalimu alinipa vema, akaisoma mbele ya darasa, wakanipigia makofi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Sentensi haikuwa na kosa hata moja, ila ni uongo, Kaka.

Wewe umeniandikia mara nyingi kwamba Mama alisema "ukitoka usirudi", na kwamba hakuna aliyekufuata. Si kweli. Hukuwa umefika hata kona, Mama akaanza kulia. Akaniambia, "Mkimbilie, mwambie yameisha, arudi." Nilikimbia, na nilikukuta. Ulikuwa umekalia begi lako, unaangalia njia ya nyumbani. Nikajificha nyuma ya kibanda cha fundi viatu. Uliniahidi kwamba siku ukienda tutakwenda wote, nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu na hasira tele. Nikasema moyoni, na aende. Basi la kwanza ukaliacha likapita, la pili pia. La tatu ukapanda. Nikarudi nikamwambia Mama sikukuwahi.

Miaka ishirini na sita sasa kila mmoja wenu anadhani mwenzake alimkataa, nami niko katikati, napeleka salamu zenu na kufunga mdomo. Watu husema yaliyopita si ndwele. Haya yangu ni ndwele, na imenitafuna.

Jana nilimpigia Mama nikamweleza yote. Hakunitukana, na heri angenitukana. Aliniuliza tu uliacha mabasi mangapi. Nikamwambia mawili. Akasema, "Kumbe alikuwa ananingoja," akampa mama mdogo simu.

Wewe pia ningekupigia, ila ningesikia sauti yako nisingefika mwisho. Nichukie utakavyo, ni haki yako. Lakini nenda kwa Mama, Kaka. Miguu imemvimba, na mama mdogo anasema tangu jana Mama amehamishia kiti chake mlangoni na hataki kuondolewa.

Nisalimie wifi, na watoto waambie wana shangazi. Mama mdogo anakusalimu. Mungu akusafishie njia mpaka nyumbani, akukutanishe na Mama akiwa hai.

Mdogo wako akupendaye, hata usiponijibu.