Marehemu Hakukosa Kazini Hata Siku Moja

Nyumbani, kando ya cherehani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo wewe na wanao? Kile kikohozi cha kitinda mimba kimepona? Huku miili ni mizima. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo haujambo: jana kanigombeza kwa ajili ya chumvi mpaka nikacheka.

Kaka yako ndiye si mzima. Hali, halali, na simu ikiita anashtuka kama mwizi. Nimeandika neno hilo bila kukusudia, basi liache lilivyo.

Wifi, kaa chini kwanza. Ijumaa kiwandani kulikuwa na sherehe, na sisi wake tukaalikwa. Meneja mpya, ambaye bado anapotea njia ya kwenda stoo, alitaka kumzawadia mfanyakazi asiyewahi kukosa kazini. Akasoma jina kwenye kipaza sauti. Lilikuwa jina la mumeo.

Ndiyo, yule tuliyemwita Taratibu, fundi wa mashine, aliyekuwa akinywa hata chai polepole kana kwamba itavunjika. Mafundi waliobeba jeneza lake wakatazama viatu vyao. Ndipo kaka yako akasimama. "Ni shemeji yangu huyo, amepata dharura. Nitampokelea." Akapewa saa ya ukutani. Meneja akapiga makofi, akasema lazima apige picha na bwana huyo siku chache zijazo.

Tulipofika nyumbani nilimbana mpaka akasema yote. Unajua yeye ndiye anayeandaa mishahara. Mumeo alipofariki, na kampuni ikagoma kulipa fidia, aliliacha jina lake kwenye orodha. Mshahara ukaendelea kutoka, yeye akawa anauchukua na kukutumia. Zile hela ulizokuwa ukimwombea baraka, wifi, ni mshahara wa marehemu. Alijiambia ni mpaka watoto wamalize muhula. Muhula ukaisha, ukaja mwingine. "Walimtumia akiwa hai," ananiambia, "wacha wamlipe akiwa kaburini."

Hapo nilimwonea huruma, sikufichi. Lakini akanitajia na mfagizi, naye marehemu, ambaye hakuacha mke wala mtoto. Halafu mlinzi wa geti. Hao hawakuwa na mjane wa kutumiwa kitu. Hao ndio bati letu jipya na friji ya mama, na mimi nikidhani ni marupurupu! Nikamuuliza moyo wake uliwezaje. Akasema kwa mfagizi alilia, na kwa mlinzi hakumbuki hata siku alipoamua. Jibu hilo limenitisha kuliko polisi.

Sasa naelewa kwa nini hakuchukua likizo miaka yote hii, tukamsifu kwa bidii. Aliogopa mtu mwingine asije akakalia kiti chake. Na kwa kuwa marehemu haugui wala haombi ruhusa, mahudhurio yake yakawa safi kuliko ya walio hai. Kaka yako, fundi wa hesabu, hilo halikumjia kichwani. Laiti angempa mafua siku moja tu!

Ile saa nimeitoa betri na kuificha kabatini chini ya mashuka. Bado naisikia. Leo asubuhi mama ameniuliza ni nini kinagonga. Nikamwambia ni masikio yake. Mimi nami nishaanza kudanganya, tena mama mzima. Naogopa nyumba hii, wifi. Naogopa hata kuwasha friji.

Sasa sababu ya barua hii. Kaka yako atakuandikia. Atakuomba useme kwamba mumeo yuko kwako, anaumwa, na ameamua kuacha kazi, ili jina litoke kimyakimya. Atalia. Atakutajia ada za watoto, na kweli amewasomesha, hilo simnyimi. Nakusihi usikubali. Ukiandika maneno hayo na wewe umeingia, na wanao watabaki na nani? Nimemwambia aende kwa meneja kwa miguu yake kabla hajaitwa. Anasema anasubiri jibu lako kwanza. Kwa hiyo yeye yuko mikononi mwako, wala si mwangu.

Ada tutaihangaikia. Cherehani yangu haijazeeka, na friji inauzika.

Nisalimie wanao wote. Mkubwa mwambie sketi yake ya shule iko tayari, imebaki vifungo. Mama anakusalimu sana. Hajui lolote, na nitamwambia mimi mwenyewe. Mungu awafunike, awape riziki isiyowatoa jasho la hofu.

Barua ya kaka yako ikifika, usimtukane, wala usimlaumu. Mjibu hili tu: mume wangu alikufa, na wewe ndiye uliyetupa udongo wa kwanza.

Wifi yako, nikupendaye hata ukinichukia leo,

Mke wa kaka yako.