Matundu ya Ukuta Niliyoyaziba

Papa,

Leo mvua imeingia tena chumbani mwako. Nimepanga masufuria na ndoo chini ya mashimo, nikaketi kukuandikia, maana nyumbani nimebaki peke yangu. Godoro lilipolowa mara ya tatu, Mama alihamia kwa dada yake Yanonge. Hakunigombeza. Alifunga mizigo yake akasema, "Furaha, nyumba ya papa yako imenishinda," basi.

Mimi ndiye niliyeiharibu. Wewe, mwashi uliyejengea watu hadi Banalia, nyumba yetu hii ya Kabondo uliipa yale matofali yako ya matundu, claustra, juu karibu na dari, pande mbili zinazotazamana. Saa nane mchana, jua likiunguza mabati, ndani tulikaa vizuri bila kuwasha chochote. Nilidhani nyumba zote ziko hivyo. Kisha nikapata kazi mjini, kwenye ofisi moja ya Makiso yenye clim, ile mashine ya baridi, nikaanza kuionea haya nyumba yetu. Nikanunua clim yangu. Fundi aliyeifunga alisema baridi itatorokea matunduni. Wewe ulikuwa kazini Banalia. Nikaamuru yote yazibwe kwa simenti.

Uliporudi uliupapasa ukuta kwa kiganja. "Bon," ulisema. "Sasa iko nyumba yako." Kwa ujinga wangu nilidhani umenisifu.

Umeme ulikuja ulipotaka wenyewe. Ukija, taa zote zilififia ili clim ile ishibe, na Mama akajifunika vikwembe viwili akitetemeka. Ukikatika, alisema, "Tunaiva humu sawa liboke, samaki ndani ya majani," nasi tukacheka. Tulicheka, Papa! Halafu wewe ukaugua moyo.

Mchana ule siwezi kuupita. Ulikuwa kitandani, shati limelowa jasho, nikikupepea kwa kifuniko cha ndoo. Ukaniambia, "Furaha, fungulia miye ukuta." Nyundo yako ilikuwa chini ya kitanda hichohicho. Nami nikakujibu, "Vumilia kidogo, Papa, courant itarudi." Ilirudi kesho yake. Wewe ulikuwa umekwisha kwenda. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka, kwamba hata chumba kingekuwa na baridi usingepona. Labda. Lakini uliniomba hewa, nikakuambia usubiri umeme.

Baada ya matanga niliuvunja ukuta kwa mikono yangu mwenyewe. Simenti ilikuwa imeshika mno. Claustra zilipasuka zote, yakabaki mashimo. Tonton Yakobo, mwashi mwenzako, alikuja kutazama, akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba matundu yako yalikuwa na mteremko mdogo kuelekea nje, hewa inaingia na mvua inarudi ilikotoka, na kwamba mteremko huo ulikuwa kwenye kalibu yako ya mbao uliyofyatulia matofali hayo. "Donc, kalibu iko wapi?"

Siku ya pili ya matanga makaa yaliisha, akina mama wakauliza kuni, nami nikawaonyesha mbao zilizokuwa nyuma ya nyumba, kalibu ikiwa humo. Tuliipikia pondu, mboga ya majani ya muhogo, ya waombolezaji wako. Na mimi nilikula.

Tonton amechonga nyingine mara tatu, na matofali yake yote yanapitisha maji. Anasema siri hiyo ulikuwa nayo wewe tu, na sisi hakuna aliyewahi kukuuliza. Mimi niliishi chini ya matundu yale tangu kuzaliwa na sikuuliza hata siku moja. Sasa nikiyafunika mashimo kwa bati, ninaungua; nikiyaacha wazi, ninalowa. Clim iko ukutani, haina kazi. Sijui nifanyeje, Papa, na aliyekuwa akijua nimemzika.

Pumzika. Sikuombi msamaha leo, naona aibu hata kulitamka neno lenyewe. Nakuahidi jambo moja tu, dogo, tena limechelewa: siku Mama akilala mgonjwa na kuniomba hewa, popote tutakapokuwa, sitamwambia avumilie. Nitavunja ukuta kabla hajamaliza kusema.

Binti yako,
Furaha