Visahani Kumi na Vinne

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha na paa la chumba chako halivuji tena. Sisi huku ni wazima. Mama hajambo, ila ameikalia miwani yake kwa mara ya pili na sasa anasoma kwa jicho moja. Baba naye hajambo. Goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ukimwambia apumzike anakujibu kwamba vioo havijikati vyenyewe.

Uliniuliza kama bado naenda uwanjani kurusha vile visahani vya plastiki kwenye kikapu cha minyororo. Naenda kila Jumamosi asubuhi, na ndiko nilikovurugikiwa kabisa. Wewe ulinifundisha kurusha kwa mgongo wa mkono, mkono ukivuka kifua kisha unafyatuka. Siku hizi narusha kwa kiganja mbele, kiwiko kikiwa kimebana ubavuni na kifundo cha mkono kikifanya kazi yote. Kwa nini nimebadili, nitakueleza. Kwanza ujue kwamba visahani ulivyoniachia vimenikataa. Nikirusha, kinatetemeka, kinapinduka kushoto, kinabingirika kwenye majani kama kifuniko cha sufuria, na kile kikapu cha minyororo kinabaki kinaning'inia bila kuguswa.

Nikaenda duka la vifaa vya michezo. Muuzaji akanionyesha kwamba kila kisahani kina namba nne mgongoni, akazisoma kwa sauti kama daktari anayesoma majibu ya maabara: kasi, kuelea, kugeuka, kuanguka. Akasema kiganja kinasokota kwa nguvu, kwa hiyo nichukue kisahani kizito na kikaidi kisichopinduka ovyo. Nikanunua. Kikaenda hatua ishirini, kikakata kulia, kikashuka kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Dada mmoja wa mazoezi ya viungo, anayenikanda kila Jumanne, akanigombeza akasema uzito ule utaniumiza, nichukue chepesi. Chepesi kikabebwa na upepo hadi kwenye nguo za watu zilizoanikwa. Pale uwanjani mmoja akasema siri ni ukingo mwembamba unaoenea vidoleni. Wa pili akasema ukingo si kitu, tafuta kilicho bapa, kisicho na mgongo. Wa tatu aliapa kwamba kipya hakifai hata kidogo, lazima kiwe kikuukuu kilichogongwa na miti miaka mingi.

Wote niliwasikiliza, kaka. Kwa wiki sita nikawa na visahani kumi na vinne na akili pungufu kuliko nilivyoanza. Mama aliniuliza kama nafungua duka la vyombo.

Ndipo akaja Bi Rula. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, anacheza na sketi iliyopigwa pasi na hupima kila umbali kwa hatua. Alinitaka nirushe vyote kumi na vinne, kimoja baada ya kingine, na yeye akasimama karibu na kiwiko changu. Hakutazama hata mara moja vilikoangukia. Nilipomaliza, tukaviokota, akapekua mfuko wangu akachagua kimoja: bapa, ukingo wa wastani, kikaidi kiasi, si kizito si chepesi. Akasema mwezi mzima nisiguse kingine. Nikamuuliza amejuaje kwamba ndicho chenyewe.

"Sijui kama ndicho," akanijibu. "Nataka tu ukose kingine cha kukilaumu. Vidole vyako vinaachia mapema, binti yangu, halafu unasema kisahani ni kibaya."

Nikakaa chini, palepale kwenye majani. Yeye alidhani nimeumia, akaniletea maji, akaniuliza wapi panauma. Sikuweza kumwambia. Nakwambia wewe.

Unaikumbuka siku ya kile kioo cha dirisha kubwa, kwenye ngazi za chuo cha ushonaji. Wewe ulikuwa chini, mimi juu. Kioo kikatoka mikononi mwako, mimi nikavutwa nikaporomoka nacho, bega langu la kulia likachanika. Baba akatamka mbele ya wateja kwamba asiyeweza kushika upande wake wa kioo hawezi kushika karakana. Hukubisha. Wiki haikuisha ukawa umefunga mizigo yako, na sasa ni miaka miwili. Kila barua unaniuliza bega, na kila barua nakujibu limepona.

Halijapona. Mkono hauwezi kuvuka kifua, ndiyo maana narusha kwa kiganja. Huo ni uongo wangu mdogo.

Mkubwa ni huu: hukuachia wewe. Niliachia mimi. Mkanda wa aproni ulikuwa umeteleza begani, nikainua mkono mmoja niurudishe, kitambo cha kupepesa jicho tu, nikijua wewe umeshika. Uzito wote ukakuangukia kutoka juu, na hakuna binadamu ambaye angeuzuia. Uliamini ni wewe kwa sababu kioo kilitoka mwisho mikononi mwako. Ulikaa kando ya kitanda changu hospitalini ukaniomba radhi, nami nikakusikiliza. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa maumivu. Ya pili nilinyamaza kwa sababu Baba alikuwa ameshasema. Baada ya hapo sijui. Nikijiuliza, jibu linabadilika. Mara ni woga. Mara nakumbuka kwamba Baba alinikabidhi funguo zako za karakana na kwamba nilifurahi kuzipokea. Sijui lipi ni la kweli, na nimechoka kujizungusha.

Jana mchana nilimwambia Baba. Alikuwa mezani anakata kioo. Hakuinua kichwa. Alivuta kalamu ya almasi hadi mwisho wa mstari, maana unajua mkato hauachwi katikati, kisha akaiweka chini akaniambia nirudie. Nikarudia. Hakunifokea, na heri angefoka. Alikwenda kusimama mlangoni, amenipa mgongo. Aliporudi aliniuliza kitu kimoja tu.

"Anaishi wapi?"

Nikagundua kwamba miaka yote miwili hakuwahi kuwa na anwani yako. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi ya kaki tunayofungia vioo. Ameitia mfuko wa shati, na tangu asubuhi nimemwona akiitoa mara tatu, anaisoma, anairudisha. Atakachoandika sikijui, na nadhani hata yeye hajakijua.

Sikuombi unijibu upesi, wala sikuombi msamaha wa kwenye karatasi. Ukikasirika una haki. Nilitaka tu usiendelee kuiangalia mikono yako kama mikono iliyomvunja mdogo wako.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula vizuri. Yeye bado sijamwambia. Nitamwambia kesho, akishapata miwani. Wasalimie wenzako wa kazini. Na ukiletewa bahasha yenye mwandiko wa Baba, kaka, tafadhali usiiweke kando. Ifungue.

Ni mimi, mdogo wako