Walioinuka Wenyewe

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza ya kibarua cha utafiti. Daktari mkuu anataka kujua katika mji huu ni watu wangapi wamewahi kugongwa kichwa mpaka ubongo ukaumia. Katugawia fulana za bluu na mafunzo ya nusu siku. Kazi yenyewe – gonga mlango, salimia, uliza.

Majibu: hakuna. Hakuna. Hapa hakuna. Fundi cherehani ana kovu kutoka kwenye nyusi hadi utosini, na yeye anasema hakuna. Nikamwonyesha kovu lake mwenyewe. Ah, hilo! Hilo ni mlango wa lori tu. Alilala barabarani mpaka akamwagiwa maji, lakini aliinuka mwenyewe, akaenda zake. Kwa hiyo halihesabiki. Nimesikia hivyo leo kila mtaa. Aliyebebwa ndiye aliyeumia, aliyeinuka mwenyewe ni mzima. Sijui nani aliipitisha sheria hii, lakini wote wanaitii kuliko za serikali.

Jumatano, 5 Machi

Nimebadili swali. Sasa nauliza: nani humu aliwahi kuanguka, akafumbua macho akakuta watu wamemzunguka? Hapo nyumba nzima inacheka na kuanza kutajana. Kaka, juu ya paa, akirekebisha antena. Shangazi, bafuni. Mpangaji wa chumba cha nyuma, pikipiki, mara mbili. Mama mmoja akasema, mume wangu wa kwanza – hapo kicheko kikakatika.

Karibu kila nyumba ya pili ina kichwa kilichogongwa. Mji mzima! Sasa naelewa watu wanavyoendesha magari. Sasa naelewa hata vikao vya wapangaji wa jengo letu.

Ijumaa, 7 Machi

Nazunguka nyumba za watu, kumbe jibu ninalo kitandani.

Mume wangu alianguka jana kazini. Yeye ni mpaka rangi wa majengo, na ngazi iliteleza. Hakuniambia. Nimeambiwa na mke wa mwenzake, sokoni, mbele ya vitunguu. Alilala chini kimya kwa muda, akainuka mwenyewe, wakampigia makofi. Msimamizi akamnunulia soda. Akapaka mpaka jioni.

Nyuma ya sikio la kulia ana nundu kama ndimu. Nikaigusa, akanisukuma mkono. Akasema, mama watoto, maswali ya fulana yaache mlangoni.

Haya. Shujaa wa soda.

Jumapili, 9 Machi

Analala mchana. Hataki mwanga, hataki redio. Binti yetu aliimba akiosha vyombo, baba yake akarusha sahani ukutani. Mtu ambaye hajawahi hata kurusha neno.

Mama mkwe amekuja. Kamtazama mwanawe, kanitazama mimi, kisha katoa hukumu: mwanamume huchoshwa na mdomo wa mke. Halafu akasimulia kwa fahari kwamba mwanawe ana kichwa kigumu tangu utoto, aliwahi kudondoka dirishani na hakulia hata kidogo. Basi hii ni mara ya pili, nikasema. Akauliza mara ya pili ya nini. Nikamwongezea chai ili anyamaze.

Alhamisi, 13 Machi

Kikombe kimemponyoka tena. Mkono wa kushoto. Bega la kushoto linagonga fremu ya mlango kila akipita, naye anautukana mlango. Asubuhi alimwita binti yetu kwa jina la shangazi yake. Mtoto akacheka. Nami nilitaka kucheka, nikashindwa.

Nikaenda kwa daktari mkuu. Nisimwonee: alisikiliza. Akasema huenda damu inavuja polepole ndani ya fuvu, apelekwe hospitali kubwa apigwe picha ya kichwa, na asipande popote, maana akianguka tena huenda asiamke. Nikauliza, basi mtamwandika? Akasema hapana, kwa bahati mbaya nyumba yangu haimo kwenye sampuli.

Haimo! Nusu ya mji imevunjika vichwa, na wa kwangu amevunjikia nje ya mstari.

Nimemsihi mume wangu hadi sauti imekauka. Picha ya nini, anasema, si niliinuka? Jumatatu wanaanza ukuta wa nje wa jengo la ghorofa saba. Kwenye ubao wa kuning'inia kwa kamba. Mkono wake haushiki kikombe, utashika kamba?

Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemfuata msimamizi nyumbani kwake. Wanamwita Twende, maana ndilo neno lake pekee la kazi. Leo alikuwa na mengine. Kwamba kwake haijawahi kutokea ajali ya kichwa. Kwamba helmeti zipo, sita, zimetundikwa ofisini kwa ajili ya wageni. Kisha akanipa methali, kwa upole, kama mtu anayempa mtoto pipi: kujikwaa si kuanguka, mama.

Nikamwambia hakujikwaa. Alianguka.

Akasema mume wangu ni mtu mzima, ajisemee mwenyewe. Nikarudi nyumbani kumwambia ajisemee. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi, anakitazama. Nikamvua kile cha kwanza, akalala.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nikiwa kazini kwao. Ameondoka alfajiri nikiwa bafuni – amefuatwa na wenzake, binti yetu kaona wamemshika mkono kushuka ngazi za kwetu. Wamemshika mkono! Na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Nimekuta ubao bado uko chini. Ndoo za rangi tayari ziko juu yake, zimefungwa. Nikapanda nikakaa katikati ya ndoo, na fulana yangu ya bluu. Nimesema sishuki mpaka mume wangu aende hospitali. Mmoja wa wapaka rangi kasema mama huyu kichwa chake ndicho kipimwe. Nikamuuliza yeye ameanguka mara ngapi. Akaanza kuhesabu vidole, kisha akashtuka, akaficha mkono mfukoni.

Twende amekwenda kuita bosi. Naona gari linaingia getini. Teksi niliyoiita sijui iko wapi.

Mume wangu amesimama nyuma ya wenzake, kofia mkononi. Nimemwita kwa jina. Amenitazama kwa adabu sana, kisha akamwinamia mwenzake wa kando, akamuuliza huyu mama ametoka ofisi gani.

Wamecheka wote, wamedhani anatania. Yeye hacheki. Anasubiri ajibiwe.