Aliyewasha Mkanda Ni Mimi

Tumati,
S.L.P. 74,
Mbulu.

8 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Marieta,

Shikamoo. Nimetoka kanisani sasa hivi, leo ni Pentekoste, na baridi ya huku ni kali hata wakati wa mahubiri watu walikuwa wanapuliza viganja. Wewe hujambo? Goti linaendeleaje? Zita alisema kwamba siku hizi unafika bombani bila fimbo, tukafurahi wote. Nadhani joto la Mpanda linakufaa kuliko ukungu wetu.

Sisi hapa ni wazima. Baba anakohoa asubuhi lakini shambani anakwenda, na ukimwambia apumzike anakasirika. Mama yupo. Maharage tumeshavuna, siyo mengi kama mwaka jana kwa sababu mvua ya mwezi wa tatu ilizidi. Vitunguu saumu bado viko ardhini. Ule uzao wa ng'ombe wako mwekundu umeongezeka tena, amezaa jike.

Zita, wewe ndiye utakayemsomea mama barua hii. Nakuomba usome yote, usiruke mahali.

Shangazi, nimekupigia simu mara mbili kwa ajili ya jambo moja, na mara zote nikaishia kuuliza habari za mvua. Baba alikwambia kwamba mwanao Bura aliumia kazini, mkanda wa mashine ulimshika mkono. Hiyo ni kweli. Lakini hakukwambia nani aliwasha mkanda huo. Ni mimi, Felician.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana hujawahi kufika kwenye kile kiwanda. Kiko upande wa Hanang, wanaleta mawe ya madini kwa malori, yanaingia kwenye karasha, ile mashine ya kuvunja mawe, kisha mkanda mrefu wa mpira unayapandisha mpaka kwenye chekeche. Mimi nilikuwa nakaa juu kwenye swichi. Bura alikuwa chini, kazi yake kuangalia mkanda usizibe. Kutoka nilipokaa, ule mwisho wa chini wa mkanda huuoni, umezibwa na sanduku kubwa la chuma wanapomwagia mawe. Tulizoea kuelewana kwa sauti. Aliye chini akimaliza anapiga kelele, "Tayari!" ndipo unawasha. Tulifanya hivyo mwaka mzima na nusu.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, mawe yalikuja na tope, tope likaganda kwenye roli la chini, lile gurudumu refu la chuma linalopitiwa na mkanda. Nikazima. Bura akaingia chini na sururu fupi kukwangua. Fomeni wetu, Maximilian, akapanda hadi nilipo, akaangalia saa yake.

"Malori mawili yanasubiri. Bado tu?"

"Bado, Bura yuko chini."

"Mwambie aharakishe."

Akashuka. Baada ya dakika chache nikasikia sauti, "Tayari!" Nikabonyeza.

Ile sauti haikuwa ya Bura, Shangazi. Ilikuwa ya Juliana, dada anayefanya kazi kwenye chekeche. Alikuwa anamwambia mwenzake wa upande wake kwamba ndoo ya grisi iko tayari. Kinu cha pili, cha kusagia mawe, kilikuwa kinanguruma, sikutofautisha. Sikuinuka kwenda kuangalia. Ni hatua kumi na mbili tu, nimezihesabu baadaye.

Mkanda ulikwenda labda sekunde tatu. Nikasikia mlio umebadilika, kama vile umebeba kitu, nikazima kabla sijasikia ukelele wake. Nilipofika chini, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeingia kati ya mkanda na roli mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa amepiga magoti na ananiangalia. Akasema, "Usiwashe. Usiwashe tena."

Watu walianza kubishana, wengine wanasema turudishe roli nyuma kwa nguvu. Aliyemwokoa ni mlinzi wa getini, Gidahosh, mfugaji wa huko Hanang uwandani. Hakuuliza mtu. Alichomoa sime yake, akalala chini ya mashine kwenye tope, akaukata mkanda ule mzima upande hadi upande. Fomeni alipiga kelele kwamba mkanda ni wa kampuni. Gidahosh akamjibu akiwa bado anakata, "Na mtu je, ni wa nani?" Mkanda ukalegea, tukamtoa.

Hospitali walifanya kila walichoweza. Vidole vinne vilikatwa. Dole gumba limebaki, na kiganja nusu. Hayo unayajua.

Usilolijua ni la karatasi. Ijumaa ile meneja aliniita ofisini, fomeni naye alikuwepo. Walikuwa wameshaandika kila kitu kwa kompyuta, wamebakiza nafasi ya jina langu na sahihi. Iliandikwa kwamba Bura aliingia kwenye mtambo bila ruhusa na bila kutoa taarifa kwa mwendesha mashine. Mwendesha mashine ndiye mimi. Yaani kwa karatasi ile mimi nilikuwa sina kosa lolote, na Bura ndiye aliyejiumiza.

Nikuambie ukweli, Shangazi, kalamu niliishika. Nilifikiri habari ya kazi, nikafikiri uso wako, kwamba hutakuja kujua. Nikaomba niende nayo nikaisome vizuri. Nikaipeleka hospitali kwa Bura.

Mkewe Brightness alimsomea. Bura akasema, "Saini tu. Vidole havitarudi, na wewe usipoteze kazi."

Brightness aliirudisha karatasi mkononi mwangu, akasema bila kupandisha sauti, "Watakuja watu kuuliza kama aliumia kazini au alijiumiza mwenyewe. Watasoma hii. Mimi nitalea mtoto na hii?"

Nilirudi chumbani kwetu, pale tulipopanga na Bura, nikachukua daftari nikaandika kwa mkono wangu. Niliandika kwamba nilijua yuko chini. Kwamba niliwasha mimi kwa kusikia neno la mtu mwingine. Kwamba swichi haina kufuli wala kibao cha kuonya kwamba kuna mtu ndani. Kwamba wavu wa chuma uliokuwa unafunika lile roli ulitolewa mwezi wa kwanza ili kukwangua tope kuwe rahisi, na sote tuliona ukitolewa, mimi mwenyewe nilishika upande mmoja tukaubeba.

Meneja alisoma, akaniuliza, "Unajua unajiandikia nini?"

"Najua."

"Hapa unaweza kushtakiwa."

"Nimeandika nilichofanya, bosi."

Akaniambia nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Nikakaa wiki sita. Baba alidhani ni likizo.

Wakaguzi wa usalama kazini walikuja mwezi wa nne, watu watatu, mmoja mama. Waliniita. Huyo mama alisoma daftari langu, kisha akataka nikae pale kwenye swichi, naye akashuka chini akasema neno "tayari" mara kadhaa kinu kikiwa kinanguruma. Nilisikia mara mbili tu, na moja kati ya hizo alikuwa hakusema yeye, alisema mwenzake. Hawakucheka. Wavu waliukuta nyuma ya stoo, nyasi zimeota katikati ya matundu yake. Juliana naye alisema aliyoyajua, ingawa aliambiwa anyamaze. Alilia sana, anadhani ni yeye aliyesababisha. Nilimwambia siyo yeye.

Kiwanda kilifungwa siku kumi na tisa. Kilipofunguliwa, wavu umerudishwa, kuna kamba ya kusimamisha mashine kuanzia chini hadi juu, na kila mtu amepewa kufuli lake lenye jina. Ukiingia chini unafunga swichi kwa kufuli lako, ufunguo unakaa nao mfukoni. Ni kufuli la kawaida, kama la mlango wa jikoni. Wanauza hata kwenye gulio la Katesh.

Madai ya Bura yamekubaliwa kwamba aliumia kazini, na matibabu yanaendelea kwa utaratibu huo. Fomeni Maximilian amehamishwa. Mimi nimepewa barua ya onyo kali, na nimerudishwa kazini, lakini niliomba nisikae tena kwenye swichi. Nipo kwenye chekeche. Wapo wenzangu wasionisalimia, wanasema niliwafungisha kazi siku zile kumi na tisa. Sawa.

Mwanao anaendelea vizuri. Wiki iliyopita alipura maharage akitumia mkono wa kulia, huku kigunia amekibana na ule mwingine. Mtoto ndiye anayemfunga vifungo vya shati. Usiku bado anasikia maumivu kwenye vidole ambavyo havipo, daktari anasema hutokea hivyo na hupungua.

Alinikataza nisikuambie. Alisema utaugua. Lakini nikikaa kimya, kila ukinitumia salamu nazipokea kama mwizi. Mimi ndiye niliyewasha, Shangazi, na ningeweza kuinuka nikaangalia. Sikuombi uniambie kwamba siyo kosa langu.

Mwezi wa nane tukishauza vitunguu, Bura anataka kuja Mpanda kukuona. Ukiniruhusu nitamsindikiza. Ukisema nisije, nitamfikisha stendi ya Babati na kurudi, na sitakuwa na kinyongo.

Nisalimie Zita na mumewe Joakimu, na watoto wote. Baba na Mama wanakusalimu sana, Brightness naye anasema umwekee mbegu za ule mchicha wa majani mapana. Mungu akulinde wewe na goti lako, akupe mavuno mazuri huko uliko.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukuheshimu,

Felician

Mama, shikamoo. Huu mwandiko ni wangu, Bura. Amenisomea barua kabla ya kuifunga. Nimekasirika kwamba ameandika, lakini yote ni kweli. Kuna jambo moja ameliacha. Siku ya kwanza hospitali nilimfukuza, nikamwambia nisimwone tena. Akatoka. Alikaa nje kwenye benchi siku mbili, Brightness akimpelekea uji, mpaka niliposikia kiu nikaita jina lake. Aje naye, Mama.