Ua la Jiwe Juu ya Mlango Wetu

Alhamisi, 22 Mei 1794

Alhamisi imepigwa marufuku, Mapinduzi yamezipa siku zote majina mapya. Humu naandika Alhamisi.

Leo Duflos wa kamati ya mapinduzi kasimama barabarani, macho juu ya mlango wetu. Ua la jiwe! Baba alilichonga mwaka niliozaliwa. Akasema ni yungiyungi, nembo ya mfalme aliyepinduliwa, nchi nzima yamebanduliwa, letu limebakije? Ghislain, mume wangu, akacheka. Si yungiyungi, raia. Ni ua la njano la kinamasi. Limechanua huko nyuma ya nyumba, kalitazame.

Angenyamaza tu.

Ijumaa, 23 Mei

Wamemwita Ghislain kwenye kamati. Nilikaa benchi la nyuma. Alikwenda na ua bichi mkononi, akawaonyesha: jani hili moja la ua limesimama, haya mawili yameinama, sawasawa na la mlangoni. Wakaanza kuelewa, niliwaona. Angeishia hapo!

Lakini Ghislain na hadithi za wazee — akaendelea. Mfalme wa kale alikimbizwa na adui mpaka mtoni. Akayaona maua haya yamesimama katikati ya maji, akajua pale hapana kina, akavuka na jeshi lake. Ndipo akaliweka ua hilo kwenye ngao yake. "Kwa hiyo ua ni letu sisi watu wa matope," akasema. "Mfalme ndiye mwizi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Duflos hakucheka. Akamwambia karani aandike: mshtakiwa amekiri kuwa ua la mlangoni na la mfalme ni moja.

Wamembakiza huko. Mdomo huponza kichwa, mama alikuwa akituambia, nasi tukidhani ni maneno tu.

Jumamosi, 24 Mei

Ludivine wa jirani kaja na mkate. Akasema: akipelekwa mjini Arras, dada, basi tena, huko kuna ile mashine ya kukata vichwa. Libandue hilo ua, pengine watamwachia.

Nikatoa patasi ya baba, nikapanda ngazi. Nimegonga mpaka mikono ikafa ganzi. Baba, nisamehe. Ilikuwa kazi nzuri.

Jumapili, 25 Mei

Ukuta umekula moshi na mvua miaka mingi, ni mweusi. Pale nilipogonga ni peupe, kwa umbo lile lile la ua. Ua linaonekana toka darajani! Zamani halikuonekana hivyo. Nimepaka masizi, manyunyu yameyaosha.

Duflos alikuja na karani baada ya saa sita mchana. Akauliza polepole, bila ukali: kama halikuwa la mfalme, raia, umelifuta kwa nini?

Nikaificha mikono yangu yenye masizi. Karani akaandika hilo nalo.

Gari la Arras linaondoka kesho. Nimeuliza kama Ghislain yumo, wakasema nirudi nyumbani nisubiri. Nisubiri nini? Sina tumaini tena, nimechoka hata kulia. Nimeteleka supu ya mboga ya liki nimpelekee, haijaiva.

Kuna watu wenye bunduki barabarani. Mmoja anauliza nyumba ni ipi. Mwenzake anamjibu — ile pale, yenye ua jeupe mlangoni.